Umepona Homa, Je, Mapafu Nayo Yamepona?

(Yafuatayo ni mazungumzo ya wiki hii kama yalivyosomwa redioni.)

Mjomba wangu anakaa Pugu, kwenye vile vilima unavyovikuta ukishaiacha Gongo la Mboto na kuelekea Kisarawe. Ni mtu wa miaka sitini na ushei, amevuta sigara tangu ujana wake, na kwa maneno yake mwenyewe, hospitali aliijua kwa kupeleka wagonjwa tu. Mwezi Agosti 2021, wakati wimbi la tatu la UVIKO-19 lilipopamba moto nchini, naye akapatikana. Alianza kwa homa na kikohozi, siku ya sita akawa hawezi kumaliza sentensi moja bila kupumzika. Tulimkimbiza hospitali. Akapigwa picha ya kifua, mapafu yote mawili yakaonekana yametanda kama ukungu wa asubuhi. Akawekewa oksijeni kwa siku tisa.

Mungu alisaidia, na madaktari na wauguzi wakafanya kazi yao. Siku ya kumi na tatu nilikwenda mwenyewe kumchukua. Tulikabidhiwa dawa, bahasha ya kaki yenye picha ya eksirei, na kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa haraka: arudi baada ya wiki kumi na mbili kwa picha nyingine. Nilikisoma kile kikaratasi, nikakikunja, nikakitia mfukoni mwa shati. Mbele yenu leo nakiri kwamba tangu hapo sikukiona tena. Mimi ninayekaa mbele ya kipaza sauti kila wiki kuwaambia watu wafanye hiki na wasifanye kile, sikuandika ile tarehe hata kwenye kalenda ya ukutani.

Ilipofika Novemba, mjomba alikuwa anatembea mpaka mnadani na kurudi. Nilimkumbusha kwa simu.

"Shikamoo mjomba. Ile picha ya pili vipi?"

"Marahaba mwanangu. Picha ya nini tena? Kwani mimi bwana harusi?"

Tukacheka wote wawili, mambo yakaishia hapo. Ile bahasha ya kaki ilikuwa imechomekwa juu ya kenchi, chini ya bati, pamoja na hati ya kiwanja na vyeti vya watoto. Masika ya mwaka 2022 bati likavuja. Hati na vyeti vilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni, vikapona. Picha haikuwa na mfuko. Iligandana, ikabanduka utando wake, ikatupwa.

Mwezi Juni kikohozi kikaanza tena. Majirani wakasema ni masalia ya korona. Shangazi mmoja akaleta tangawizi na limau, mwingine akashauri nyungu. Suruali zikaanza kumpwaya, na usiku analowesha shuka kwa jasho. Bado tukasema ni masalia ya korona. Agosti, mwaka mzima kamili tangu alazwe, alipokohoa makohozi yenye michirizi ya damu, ndipo tulipokumbuka kwamba kuna hospitali.

Akapigwa picha. Daktari akaiweka kwenye taa, akaitazama, akaonyesha kwa kalamu doa kubwa sehemu ya juu ya pafu la kulia. Kisha akageuka akauliza swali moja tu: "Picha ya mwaka jana iko wapi?"

Ndugu wasikilizaji, swali hilo ndilo lililonifanya niandike mazungumzo haya.

Tuanze na jambo ambalo wengi wetu hatukuambiwa, au tuliambiwa tukiwa na furaha ya kuruhusiwa hata hatukusikia. Mtu anapougua nimonia inayoletwa na virusi, iwe ya UVIKO-19, ya mafua makali au ya surua, vile vifuko vidogo vya hewa ndani ya mapafu hujaa maji na uchafu wa vita kati ya mwili na ugonjwa. Ndiyo maana picha huonyesha weupe pale ambapo pangepaswa kuwa peusi. Homa ikishuka na mgonjwa akapata nguvu za kudai ugali, weupe ule hauondoki siku hiyo hiyo. Picha huchelewa nyuma ya afya ya mgonjwa kwa wiki, na kwa wengine kwa miezi.

Sisi wa Dar es Salaam tunao mfano wake. Mto Msimbazi unaanzia huku huku kwenye vilima vya Pugu, unapita mabondeni hadi Jangwani na kuingia baharini. Mvua kubwa ikinyesha, Jangwani hujaa maji. Baada ya siku mbili maji yanakuwa yamekwenda zake, lakini mwenye nyumba anayerudi anakuta tope mpaka dirishani. Mvua imekwisha, kazi ya kuchota tope ndiyo kwanza inaanza. Mapafu baada ya nimonia yako hivyo. Kwa watu wengi tope lote huondoka na nyumba ikarudi ilivyokuwa. Kwa wachache, hasa walioumwa sana, wazee na wavutaji wa sigara, huchukua muda mrefu zaidi, na kwa baadhi hubaki makovu ambayo hufanya pafu kuwa gumu na pumzi kuwa fupi.

Basi picha ya pili ni ya nini? Ni ya kuhakikisha kwamba tope linapungua. Likipungua, vizuri, mgonjwa aende zake. Lisipopungua, au likitokea doa jipya, daktari anajua kwamba kuna jambo jingine. Na mambo hayo mengine si mzaha. Kifua kikuu huweza kujificha nyuma ya nimonia. Saratani ya mapafu nayo huweza kujificha hapo hapo, hasa kwa mvuta sigara aliyevuka miaka hamsini: nimonia inakuja kwa sababu uvimbe umeziba njia ya hewa, nimonia inatibiwa, mgonjwa anashukuru, na uvimbe unabaki ukikua kimya kimya. Bila kuangalia tena, nani atajua?

Swali linalofuata ni la muda. Kwa nini wiki kumi na mbili, na si wiki ijayo? Kwa sababu ile ile ya tope. Ukipiga picha mapema mno utaona weupe ambao ungeondoka wenyewe, utaogopa bure, na daktari atalazimika kukupiga nyingine. Mwaka 2020, chama cha madaktari wa kifua cha Uingereza kilishauri kwamba waliolazwa kwa nimonia ya UVIKO-19 wapigwe picha ya marudio wiki 12 baada ya kutoka hospitali, na walioumwa sana waonwe na daktari mapema zaidi, kati ya wiki ya nne na ya sita. Kwa nimonia za kawaida, desturi ya siku nyingi ni wiki sita hivi, kwa wale wenye sababu ya kufanya hivyo.

Narudia: kwa wale wenye sababu. Maana mazungumzo haya yasije yakawafanya watu wote wa Ilala, Temeke na Kinondoni wapange foleni kesho asubuhi kwenye chumba cha eksirei. Huku huku Pugu, mtaa wa pili kutoka kwa mjomba, yupo binti mmoja anayeuza chakula, mama lishe hodari. Naye aliugua mwaka ule ule, homa ya siku nne, hakulazwa wala hakuhitaji oksijeni. Lakini hofu ilimwingia. Katika miezi miwili alijipeleka mwenyewe kupigwa picha mara tatu, mahali patatu tofauti, na zote tatu zilikuwa safi. Fedha aliyolipa ilikuwa ya mchele na mafuta. Alikaa wiki tatu bila kuwasha jiko, si kwa ugonjwa, bali kwa kukosa mtaji.

Huyu hakuwa na haja ya hata moja. Mwongozo wa madaktari wa Marekani wa mwaka 2019 kuhusu nimonia unasema mgonjwa ambaye dalili zake zimekwisha ndani ya siku tano hadi saba hana haja ya kupigwa picha ya marudio kama utaratibu wa kawaida. Mtoto aliyepona vizuri, anayecheza na kula, naye kwa kawaida hahitaji. Mionzi ya picha moja ya kifua ni kidogo sana, sawa na ile ambayo mwanadamu huipata kutoka ardhini na angani kwa siku kumi hivi, kwa hiyo hakuna sababu ya kuiogopa daktari akiiagiza. Siti skani ya kifua ni jambo jingine. Hiyo ni kama mionzi ya asili ya miaka miwili kwa mara moja. Ina kazi yake kubwa pale eksirei inaposhindwa kueleza, lakini si kitu cha kukimbilia kwa sababu jirani kapigwa. Na mama mjamzito, au anayedhani huenda ni mjamzito, amwambie mtaalamu wa mionzi kabla ya kusimama mbele ya mashine.

Sasa nani arudi? Nimewauliza waganga, nao wananipa orodha ambayo mtu anaweza kuikariri. Arudi yule aliyelazwa na kuwekewa oksijeni. Arudi yule aliyevuka miaka hamsini, hasa kama anavuta au alikuwa anavuta sigara. Arudi yule ambaye wiki zinapita na bado anakohoa, anahema kwa kupanda ngazi chache, au kifua kinamchoma. Na yule anayekonda, anayetoka jasho usiku, anayekohoa damu, huyo asingojee wiki kumi na mbili wala wiki mbili. Aende leo.

Jambo la damu na jasho la usiku latupeleka kwenye ugonjwa ambao sisi Watanzania hatuna ruhusa ya kuusahau. Nchi yetu imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa zaidi wa kifua kikuu. Maana yake ni kwamba ushauri ulioandikwa London hauwezi kuletwa Pugu bila kuongezewa mstari mmoja. Kule daktari akiona doa lisiloondoka, kifua kikuu hakiko juu kwenye orodha ya mawazo yake. Hapa kwetu ndicho cha kwanza. Na picha peke yake haitoshi: kovu la nimonia na doa la kifua kikuu huweza kufanana kama mapacha. Ndiyo sababu mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi anatakiwa apimwe makohozi. Siku hizi zipo mashine zinazotambua vimelea kwa vinasaba vyake na kutoa jibu kwa saa mbili hivi. Tena kupimwa na kutibiwa kifua kikuu katika vituo vya Serikali ni bure. Narudia neno hilo kwa faida ya aliyekuwa ameinuka kuchota maji: ni bure.

Upo pia upande wa pili wa shilingi. Picha inaweza kuwa safi, na mtu akawa bado anahema. Damu iliyoganda kwenye mishipa ya mapafu, jambo ambalo UVIKO-19 ililileta kwa wengi, haionekani vizuri kwenye eksirei ya kawaida. Moyo uliochoka nao huleta pumzi fupi. Kwa hiyo daktari mzuri hatazami picha tu, humtazama mtu. Humbana kile kifaa kidogo cha kidoleni kinachopima oksijeni, humtembeza kwa dakika chache kwenye korido, halafu humpima tena. Mgonjwa anayeambiwa "picha yako ni safi, nenda nyumbani" wakati hawezi kutembea kutoka kituo cha daladala hadi kwake, ana haki ya kusema: "Daktari, naomba unitazame nikitembea."

Turudi kwenye lile swali. Picha ya mwaka jana iko wapi? Daktari hakuuliza kwa kutulaumu. Aliuliza kwa sababu picha ya pili inasomwa kwa kulinganishwa na ya kwanza. Doa likiwa lilikuwepo na limepungua, hilo ni kovu linalopona. Likiwa lilikuwepo na halikubadilika, ni habari nyingine. Likiwa halikuwepo kabisa, ni jipya, na jipya ni la kutafutwa. Sisi tulikuwa na picha moja tu mkononi, na hospitali ile ya kwanza haikuwa imebaki na nakala. Makohozi yakapimwa, jibu likawa kifua kikuu. Lakini kama doa lile lilikuwapo tangu Agosti 2021 likajificha ndani ya ule ukungu, au lilianza baadaye, hilo hatutalijua kamwe. Jibu lililowa mvua juu ya kenchi.

Na kama ingekuwa ni mjomba peke yake, labda ningenyamaza. Lakini ndani ya chumba kile alikuwa analala pamoja na mjukuu wake wa miaka mitatu. Tangu Juni hadi Agosti babu anakohoa, mtoto yuko ubavuni. Siku tulipoambiwa tumlete mtoto naye apimwe, nilimbeba mwenyewe ndani ya daladala, na safari ile fupi ya kutoka Pugu ilikuwa ndefu kuliko ya Mwanza. Alikutwa hana ugonjwa. Akapewa dawa za kinga, naye kila asubuhi akazinywa kwa makelele mengi. Tulipona kwa bahati, na bahati si mpango.

Ndugu wasikilizaji, tusiwalaumu wagonjwa peke yao. Mtu anayetoka hospitali akiwa hai anaambiwa arudi miezi mitatu baadaye wakati haumwi chochote. Nauli atoe, siku ya kibarua aipoteze, foleni aipange, na picha ailipie. Kwake yeye hiyo ni gharama ya kwenda kuambiwa kwamba hana kitu. Ndiyo maana lazima aelezwe sababu, tena aelezwe pamoja na mtu anayekaa naye. Kikaratasi kisichosema kwa nini ni kikaratasi cha kufungia karanga.

Hospitali zetu zingeweza kufanya mambo matatu yasiyohitaji mfadhili. La kwanza, ziandike tarehe kamili, si "baada ya wiki kumi na mbili." Mwananchi haishi kwa wiki kumi na mbili; anaishi kwa tarehe, kwa mwisho wa mwezi, kwa baada ya Idi na kabla ya Krismasi. La pili, zichukue namba za simu za watu wawili, na siku ikifika muuguzi au karani apige simu moja. La tatu, jina lipelekwe kwa mhudumu wa afya wa mtaa, ambaye anaijua nyumba na anamjua mkaidi aliyemo ndani yake.

Vifaa navyo si kama zamani. Oktoba 2021 Serikali ilizindua mpango wa shilingi trilioni 1.3 kutokana na mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa kwa ajili ya kukabiliana na UVIKO-19, na sehemu yake ilikwenda kwenye mashine za eksirei, siti skani na mitambo ya oksijeni. Mashine hizo zilinunuliwa kwa deni ambalo wajukuu wetu watasaidia kulilipa. Itakuwa hasara mara mbili kama zitakaa tayari na wagonjwa wanaozihitaji wakakaa nyumbani. Aidha, Sera ya Afya ya mwaka 2007 inatambua kwamba wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo watibiwe bila malipo. Mzee wa aina hiyo apelekwe kwa ofisa wa ustawi wa jamii wa hospitali kabla hajakata tamaa dirishani pa malipo.

Na sisi jamaa wa wagonjwa tuna kazi yetu. Picha ya kifua itunzwe kama hati ya kiwanja, yaani ndani ya mfuko wa nailoni, mahali pakavu, na tarehe iandikwe juu ya bahasha. Kama hospitali inatumia kompyuta na haitoi karatasi ya picha, omba nakala, au angalau andika namba yako ya hospitali na tarehe uliyopigwa, ili siku ikihitajika itafutwe. Ukihamia hospitali nyingine, nenda nayo. Wilhelm Röntgen alipogundua mionzi hii mwezi Novemba 1895, ulimwengu ulishangaa kwamba mtu anaweza kuonekana ndani bila kupasuliwa. Leo hatushangai tena, na pengine ndiyo sababu tunaitupa picha kama tikiti ya daladala.

Mjomba alimeza dawa zake kwa miezi sita bila kuruka siku, akamaliza Februari 2023, na makohozi yakapimwa yakawa safi. Pafu la kulia limebaki na kovu. Anapanda kile kilima cha kwake kwa vituo viwili, cha kwanza chini ya mwembe, cha pili kwenye kibanda cha fundi baiskeli, na sigara ameiacha. Picha yake ya mwisho imo ndani ya mfuko wa nailoni, na mfuko umo ndani ya sanduku la bati, na ufunguo anao mkewe.

Nilipomtembelea juzi nilimwambia kwamba nataka kuyasema haya redioni. Akafikiri kidogo, akasema: "Sema, mwanangu. Ila usisahau kusema na habari ya kile kikaratasi ulichotia mfukoni."

Nimesema.

Kama nyumbani kwako yupo mtu aliyetoka hospitali kwa nimonia, jioni ya leo muulize maswali mawili: ulitakiwa urudi lini, na picha yako iko wapi? Asipokuwa na jibu, mtafute pamoja naye kesho.